Mgeni wa Siku ya Tatu

Mtoto alikuwa na umri wa wiki sita na homa ambayo chanzo chake hakikuonekana. Katika umri huo homa haisubiriwi. Hupimwa damu, hupimwa mkojo, na hutolewa maji ya uti wa mgongo ili tujue kama vimelea vimefika kwenye utando wa ubongo, kwa sababu mtoto wa wiki sita anaweza kuonekana ametulia saa tatu asubuhi na ikifika saa sita akawa mahututi.

Daktari aliyekuwa zamu, mwanamke kijana aliye katika mwaka wake wa pili wa kusomea ubingwa wa watoto, alikuwa amekwisha kunawa na kuvaa glovu. Trei ya vifaa ilikuwa wazi. Muuguzi alikuwa amemlaza mtoto ubavu na kumkunja, magoti karibu na kifua, huku akimdondoshea ulimini matone ya maji ya sukari ambayo hupunguza maumivu ya watoto wachanga kuliko wengi wanavyodhani. Kidole gumba cha yule daktari kilikuwa kimefika kwenye mfupa wa nyonga, kikipima usawa wa pingili ambapo sindano huingia.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Chumba cha pili kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alitakiwa kupelekwa kupasuliwa kidole tumbo, na mama huyo hakuelewa alichokuwa akitakiwa kukubali. Lugha yake ilijulikana na mtu mmoja tu katika wodi ile. Mkalimani wa simu angepatikana baada ya dakika ishirini, pengine zaidi, na timu ya upasuaji ilikuwa imekwisha kusubiri.

Mtu huyo alikuwa yule daktari mwenye glovu. "Nenda wewe," nikamwambia. "Huyu tutamfanyia sisi."

Akavua glovu. Mwenzake wa mwaka uleule akavaa zake, akaingiza sindano, na maji yakatoka angavu na safi mara ya kwanza. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Nilimwambia pole, atapata mtoto mwingine. Akatabasamu. "Hamna shida, Daktari."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na amani kamili. Watoto wawili walikuwa wamehudumiwa kwa wakati, mama mmoja alikuwa ameeleweshwa kwa lugha yake, na hakuna uamuzi hata mmoja niliokuwa nimeufanya ambao nisingeweza kuutetea mbele ya mkubwa yeyote.

Amani hiyo ilidumu hadi Ijumaa.

Daftari

Kila daktari anayesomea ubingwa kwetu ana daftari la mafunzo ambamo huandika kila kazi ya mikono aliyoifanya: kuingiza mrija wa kupumulia, kutoa maji ya uti wa mgongo, kuweka mrija kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto mchanga. Mimi ni mmoja wa wanaoyapitia madaftari hayo, na Ijumaa hiyo ilikuwa siku yangu ya kuyapitia. Lake lilikuwa na chini ya nusu ya kazi zilizoandikwa katika madaftari ya wenzake.

Nilijitafutia sababu kwa mpangilio ambao sasa unanitia haya. Kwanza nilisema ni bahati, kwani kuna zamu ambazo wagonjwa hawaji. Kisha nikasema pengine ni mwoga, si kila mtu hupenda sindano. Kisha nikachukua ratiba za zamu na kuzilinganisha. Zilikuwa sawa na za wenzake, usiku kwa usiku.

Kilichobaki ni kile ambacho daftari halina safu yake. Hakuna mahali pa kuandika mara ulizoitwa kutafsiri. Hakuna mahali pa kuandika asubuhi uliyopigwa picha kwa ajili ya kijitabu cha hospitali, ambacho uso wako uko katika ukurasa wa mbele, ukiwa umeinama juu ya kitanda na kipimio cha kusikilizia moyo shingoni. Hakuna mahali pa kuandika kwamba wewe ni mjumbe wa kamati ya utofauti wa asili za watu, ambayo hukutana Jumanne adhuhuri, saa ileile ambayo wenzako wote wamekaa chumba cha pili wakifundishwa kusoma michoro ya moyo.

Katika maandishi ya elimu ya udaktari jambo hili lina jina, nalo tukilileta kwa lugha yetu tungeliita kodi ya wachache: wale walio wachache katika taasisi hutozwa muda na nguvu kwa kazi ambazo taasisi inazihitaji ili ionekane imebadilika, na kazi hizo hazihesabiwi siku ya kupandishwa cheo. Nilikuwa nimesoma kuhusu kodi hiyo miaka kadhaa iliyopita na kuitikia kwa kichwa. Sikuwahi kufikiri kwamba miongoni mwa watozaji nipo mimi.

Wengu unaitwaje?

Jambo la kutafsiri ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo lenye utetezi mzuri kuliko yote. Mama yule alihitaji kueleweshwa. Nani angeweza kusema vinginevyo?

Mwaka 2003 Glenn Flores na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 13 yaliyorekodiwa katika kliniki ya watoto nchini Marekani, mazungumzo ambayo yalihitaji mtu wa kutafsiri. Walihesabu makosa 396, wastani wa 31 kwa kila mazungumzo, na asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu ya mtoto. Maswali kuhusu mzio yaliachwa, maelekezo ya vipimo vya dawa yalipotea njiani. Pale ambapo mkalimani alikuwa wa hospitali, asilimia 53 ya makosa yalikuwa ya hatari hiyo. Pale ambapo alikuwa yeyote aliyepatikana, ilifika 77.

Yeyote aliyepatikana. Niliyasoma maneno hayo mara mbili, nikamkumbuka daktari wangu akivua glovu.

Wiki mbili baadaye nilimuuliza alijifunza wapi msamiati wa kitabibu wa lugha ile. Alicheka, na kilikuwa kicheko cha kweli, tofauti na tabasamu la siku ile. Alisema wazazi wake walihama akiwa na umri wa miaka saba. "Najua kusalimia, najua kuomba radhi, na kugombana ninagombana vizuri sana. Wengu sijui unaitwaje."

Kumbe kwa zaidi ya mwaka mzima tulikuwa tukimtoa darasani mtu ambaye si mkalimani, tukampeleka kwa akina mama ambao walistahili mkalimani, na kuhesabu jambo hilo kuwa mafanikio ya hospitali yenye utofauti. Pande zote mbili zilikuwa zikipunjwa, nasi katikati tukipongezana.

Rangi ya waridi

Kosa la pili nililigundua nikiwa bado nashughulika na la kwanza.

Tulikuwa tumeamua, kwa nia njema, kuingiza katika ratiba ya mafunzo somo kuhusu dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Haja ilikuwa wazi. Kipimo ambacho Virginia Apgar alikibuni mwaka 1952 kwa ajili ya kumtathmini mtoto dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa kina alama tano, na mojawapo ni rangi: mtoto hupata alama kamili ya rangi akiwa wa waridi mwili mzima. Kipimo kile kimeokoa watoto wasiohesabika kwa kuwalazimisha wakunga na madaktari wamtazame mtoto mara tu anapotoka, na sina nia ya kukidharau. Lakini watoto wengi duniani hawazaliwi na rangi ya waridi, na anayewapima hulazimika kuangalia ulimi na fizi, au kukisia.

Ni vivyo hivyo kwa manjano ya watoto wachanga, ambayo jicho huchelewa kuyaona kwenye ngozi nyeusi hadi yamepanda sana, na kwa vipele ambavyo vitabu huvieleza kuwa vyekundu ilhali juu ya ngozi ya mtoto aliye mbele yako vina rangi ya zambarau au ya kijivu, na pengine hujulikana kwa kupapasa tu. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari huko London, Malone Mukwende, pamoja na wahadhiri wake wawili, alitoa kijitabu cha picha za dalili hizo kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu alipokuwa akifundishwa alikuwa akiuliza dalili hiyo inaonekanaje kwenye ngozi kama yake, na majibu hayakuwapo. Mwaka huohuo ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya wagonjwa watu wazima ukionyesha kwamba kifaa kidogo cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kilishindwa kutambua upungufu hatari wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Hicho ndicho kifaa tunachokitumia kila saa kuamua ni mtoto gani wa nimonia abaki na nani arudi nyumbani.

Kwa hiyo somo lilihitajika. Na tulimwomba nani alifundishe?

Alilifundisha, na kwa ustadi. Baadaye nilipomwuliza alilipokeaje ombi lile, alijibu kwa upole ambao ulikata zaidi ya ukali: "Mimi nimesoma vitabu vilevile mlivyosoma nyinyi, Daktari. Picha nilizoonyeshwa ni zilezile. Ilibidi nikeshe siku nne nikijifunza ili nije niwafundishe."

Tulikuwa tumechukulia kwamba ngozi yake ilikuwa imemfundisha somo ambalo chuo hakikumfundisha.

Kozi ya nusu siku

Hospitali yetu, kama nyingi, ina kozi. Mara moja kwa mwaka tunakaa nusu siku katika ukumbi, tunaonyeshwa slaidi, tunajibu maswali kumi kwenye kompyuta, tunapewa cheti. Baadhi ya slaidi zinasema wazazi wa jamii fulani hawapendi kumtazama daktari machoni, na wa jamii nyingine hulia kwa sauti, na wengine hupenda uamuzi utolewe na babu. Nimehudhuria mara kadhaa. Nakiri kwamba mara zote nimetoka nikijiona mjuzi kuliko nilivyoingia, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliotokana na programu ya mafunzo katika hospitali ya watoto ya Oakland, California, waliandika makala fupi ambayo bado inatembea. Walipendekeza kwamba badala ya kumfundisha daktari anayesomea ubingwa awe mjuzi wa tamaduni za watu, afundishwe unyenyekevu: ajichunguze maisha yake yote, amwachie mgonjwa nafasi ya kuwa mwalimu, na taasisi nayo ijiweke kwenye mizani hiyohiyo. Wanasimulia kisa cha muuguzi aliyekuwa akimhudumia mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini saa chache baada ya upasuaji. Daktari aliyepita alisema mgonjwa anaonekana kuwa na maumivu makali. Muuguzi akamjibu kwamba amesoma kozi ya tamaduni katika tiba, na anajua kuwa wagonjwa wa asili hiyo hukuza maumivu yao.

Muuguzi yule alikuwa Mmarekani mweusi. Kwa hiyo kisa hakiishii kwenye rangi ya aliyekosea. Alikuwa mtu aliyefundishwa akafundishika, na mafunzo yenyewe ndiyo yaliyomziba masikio.

Nasi watu wa watoto tusidhani tuko salama kwa sababu wagonjwa wetu ni wadogo na wanapendeza. Mwaka 2015 Monika Goyal na wenzake walionyesha, kwa takwimu za idara za dharura za Marekani, kwamba watoto weusi waliokuwa na kidole tumbo na maumivu makali walipewa dawa kali za maumivu mara chache zaidi kuliko watoto weupe wenye hali hiyohiyo. Mwaka uliofuata uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wa mafunzo weupe walioulizwa walikubali walau imani moja ya uongo kuhusu miili ya watu weusi, mathalani kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Mwenye imani hizo hazijui kuwa ni imani. Anazijua kuwa ni elimu, na kesho yake anaandika dawa.

Mlangoni

Nimekaa katika kamati ya usaili kwa misimu sita. Kila msimu kuna mjumbe mwenzetu, mtu mwadilifu ninayemheshimu, ambaye huuliza kama tukizingatia asili ya waombaji hatutakuwa tunashusha kiwango. Kwa miaka mingi nilimjibu kwa hasira ya ndani na ukimya wa nje. Mwaka huu nilijaribu kulichukua swali lake kama swali.

Kiwango cha nini? Alama za mtihani zinapima jambo la kweli. Asiyejua kipimo cha dawa ataua mtoto hata awe mpole namna gani. Lakini tulikuwa tukizitumia alama hizo kuwapanga watu ambao wote walikuwa wamevuka mstari wa usalama, tukimweka juu mwenye alama mbili zaidi kana kwamba alama mbili hizo zinamjua mtoto. Wamarekani, ambao mtihani wao wa kwanza wa leseni ulikuwa umegeuka kuwa chujio la namna hiyo, waliufanya mwaka 2022 kuwa wa kufaulu au kufeli tu. Kisha, baada ya alama, ilikuja sehemu ambayo ndiyo hasa niliipenda na ndiyo sasa ninaitilia shaka: tulikuwa tukiulizana kama mwombaji "anafaa kwetu". Sikuwahi kumsikia yeyote akieleza maana yake. Mara nyingi ilimaanisha kwamba alikuwa amecheka pale tulipocheka.

Na mlango huo una historia. Mwaka 1939 madaktari wawili weusi wa watoto wa Washington, Alonzo deGrate Smith na Roland Scott, waliomba uanachama wa chama cha kitaaluma cha madaktari wa watoto wa Marekani. Walikataliwa zaidi ya mara moja, wakakubaliwa mwaka 1945, na chama kikaomba radhi hadharani mwaka 2020. Katika mijadala ya miaka ile ilitolewa hofu kwamba wakishapewa uanachama watataka kukaa kula meza moja na wengine. Scott ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa selimundu kwa watoto na kuanzisha kituo cha ugonjwa huo katika Chuo Kikuu cha Howard. Sisemi kwamba waliomzuia walijua wanazuia nini. Hawakuwa na haja ya kujua, na nafikiri hicho ndicho kilichowastarehesha.

Tumebadilisha usaili. Kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale, kila msaili huandika alama zake kabla hajasikia za mwenzake, na maneno "anafaa kwetu" hayaruhusiwi kwenye fomu. Ni kazi ya kuchosha, na mazungumzo ya kamati yamekuwa makavu. Waliopatikana ni wazuri. Sitadai zaidi ya hapo, maana ni msimu mmoja.

(Kuna utofauti mwingine ambao kamati haiutaji, kwa sababu hautoki vizuri kwenye picha. Tuna daktari mwenye kigugumizi. Katika raundi zetu za mbio, sentensi zake hukamiliziwa na wengine, na mara mbili nimesikia zikikamilishwa vibaya.)

Miezi kumi na minne

Maneno matatu yamebandikwa ukutani penye lifti: utofauti, usawa, ujumuishi. La kwanza huhesabika, na kinachohesabika hupendwa na wakubwa. La pili tunalihesabu kwa shida. La tatu sikuwa na hakika lina maana gani hadi nilipomwomba yule daktari tukae.

Nilikuja na radhi niliyoiandaa, kuhusu sindano, kuhusu kamati, kuhusu picha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba hayo yote alikuwa ameyazoea, na kwamba kama nataka kujua linalomnyima usingizi, si hayo.

"Nina miezi kumi na minne hapa," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimekosea."

Sikuelewa. Nilidhani ananipa sifa.

Aliendelea. Alijua kwamba amekosea mara nyingi, kwa sababu kila daktari wa mwaka wa pili hukosea mara nyingi. Aliwasikia wenzake wakiitwa pembeni na kuambiwa kwamba wamechelewa kutambua upungufu wa maji, kwamba hesabu yao ya dripu ilikuwa mbovu, kwamba wasirudie tena kumwahidi mzazi jambo ambalo hawana uwezo nalo. Yeye aliambiwa ahsante. Aliambiwa wazazi wanampenda. Alianza kujiuliza kama tunamwogopa, au kama tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba hawezi kuwa bora zaidi ya alivyo.

Nilirudi ofisini nikafungua tathmini zake. Mchangamfu. Mwenye heshima. Ana uhusiano mzuri na familia. Nne kati ya hizo nilikuwa nimeziandika mimi. Nikafungua za mwenzake, yule aliyeingiza sindano: aongeze umakini katika kupanga vipaumbele usiku, asome upya matibabu ya degedege lisilokoma, ana uamuzi mzuri lakini hukimbilia vipimo. Nne kati ya hizo pia ni zangu. Mwalimu ni mmoja, wodi ni moja, mwaka ni mmoja, na mmoja wao nilikuwa nikimfundisha, mwingine nikimkaribisha.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikua nikidhani methali hiyo ni ya watu wachoyo, wanaohesabu siku za mgeni kwa sababu ya unga unaopungua. Sikuwahi kuitazama kutoka upande wa mgeni mwenyewe, ambaye siku ya kumi na nne bado amekalishwa kwenye kiti kizuri barazani, anasikia majembe yakigonga shambani, na kila akiinuka anaambiwa hapana, wewe tulia.

Sababu ya kutomkosoa ninaijua, na si chuki. Nilichelea kwamba ukosoaji wangu utasikika kama ubaguzi. Nilikuwa nikiilinda sifa yangu, kisha nikaliita jambo hilo upole. Wakati huohuo kuna mtoto, siku moja isiyo na tarehe bado, atakayeletwa usiku wa manane kwa daktari huyu akiwa bingwa peke yake zamu, naye atahitaji kile ambacho sikumwambia.

Kinachobaki bila jibu

Tumebadilisha mambo kadhaa, na ninayataja haraka kwa sababu si ya ajabu. Madaftari yote hupitiwa kila mwezi na kulinganishwa, ili aliyebaki nyuma apewe nafasi ya kwanza. Kamati ya utofauti haikutani tena saa za darasa, na ujumbe wake huhesabiwa kama kazi. Somo la ngozi hufundishwa na mwalimu wa ngozi, ambaye alinung'unika kwamba hajui vya kutosha, akaambiwa akeshe siku nne. Aliye katikati ya kazi ya mikono haitwi kutafsiri.

Hilo la mwisho ndilo linalonirudisha nyuma.

Juma lililopita mama mmoja alikaa dakika thelathini na tano akisubiri mkalimani wa simu, mtoto wake mapajani, machozi yakimtoka, na hatua kumi kutoka alipokaa kulikuwa na mtu ambaye angeweza walau kumwambia kwa lugha yake asiogope. Kanuni ilifuatwa. Mkalimani alipopatikana alifanya kazi nzuri, na akauliza kuhusu mzio. Lakini nilimwona yule mama, na kanuni haikunipa neno la kumwambia. Daktari wangu naye alimwona. Alipomaliza kazi yake alikwenda akaketi kando yake, bila kuitwa na mtu, wakazungumza mambo ambayo sikuyaelewa. Sijui kama hilo ni kodi au ni haki yake. Nilimwuliza, akasema naye hajui, ila asingependa liwe kwenye ratiba.

Juzi ilikuja homa nyingine isiyo na chanzo, mtoto wa wiki tano. Alinawa, akavaa glovu, akapapasa nyonga. Nilisimama nyuma ya bega lake na kujizuia nisiseme neno. Sindano ikaingia, ikagota mfupa. Akairudisha kidogo, akaisukuma, na kilichotoka kilikuwa damu.

Zamani ningesema si neno, hutokea kwa kila mtu, na ningekuwa nimesema kweli.

"Umeinamisha sindano kulia," nikamwambia. "Na umeanza kabla muuguzi hajamnyoosha mabega. Mabega yakipinda, uti wote unapinda."

Muuguzi akamweka mtoto sawa na kumdondoshea sukari. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikika mtoto akinyonya matone.

"Nimeona," akasema, bila kugeuka. "Naomba sindano nyingine."